Kidude kidogo nyuma ya risasi kina kazi gani?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri, mi niko Liwale huku Lindi, mjomba ana raifo ya leseni, sasa nimesikia Marekani watu wanajijazia risasi wenyewe nyumbani na wanabishana mno kuhusu praima, kidude kidogo vile kinabadilisha nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni kidogo kweli, ile kubwa ya raifo ina upana wa kama milimita 5.3 tu, lakini ndo inayowasha baruti, pini ikiigonga dawa ya ndani inalipuka na moto unapenya katundu kuingia kwenye ganda. Sasa moto haulingani. Praima za magnamu, yaani zile za nguvu zaidi, zina moto mkali unaodumu kidogo zaidi, zimewekwa kwa maganda makubwa yenye baruti nyingi inayoungua taratibu, na kwa nchi za baridi kali. Ukibadilisha praima tu, baruti ileile, presha inaweza kupanda hadi ya hatari, na uwashaji usipolingana risasi moja inakimbia nyingine inachelewa, ukipiga mita 300 moja inaenda juu nyingine chini. Ndo maana wenzetu wakibadilisha praima wanashusha baruti kwanza, halafu wanaiongeza upya kidogokidogo kwa kitabu cha vipimo.

Ila mjomba asijaribu kabisa, kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa kwa sheria ya silaha ya 2015. Anunue za dukani, azitunze pakavu, na asizipake mafuta maana yakipenya yanaua praima, halafu risasi inagoma porini nyati yuko mbele yake.