Kabla hujambishia bibi yako, maliza kitabu

Kuna kitu kinawapata wengi wetu tukifika chuo, na mi kilinipata mwaka wa kwanza. Unasoma falsafa kidogo tu, kurasa kama 40 za PDF kwenye simu, basi unaona nyumbani kwenu hakuna anayefikiri isipokuwa wewe. Nasomea ualimu hapa Mtwara mjini na kwetu Mikindani, daladala tu kama kilomita 10, kwahiyo nilichosoma Ijumaa usiku Jumamosi asubuhi kilikuwa kishafika jikoni kwa bibi.

Wiki hiyo nlikuwa namsoma Hume, yule Mskoti wa karne ya 18 anayesema mtu mwenye busara anaamini kitu kwa kadiri ya ushahidi wake, ushahidi ukiwa mdogo na imani iwe ndogo. Nyumbani ilikuwa arobaini ya babu. Bibi kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi huku anataja majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, mjomba anayaandika ili yasomwe kwenye hitma, kile kisomo cha kuwaombea marehemu, na mi nikamwambia bibi hawa wamekufa hawasikii, ushahidi uko wapi? Mjomba akasimamisha kalamu. Bibi akaniuliza kitu kimoja tu, "Mke mwenzangu, hicho kitabu umekimaliza?"

Sikuwa nimekimaliza. Hadi leo naumia nikikumbuka. Swali lenyewe lilikuwa halali kabisa, maana hata kati ya masheikh kuna wanaosema hitma haina msingi kwenye dini, ila nililitoa siku ya arobaini, mbele ya mjane, na sikuwa nimemuuliza kwanza yeye anaamini nini hasa akitaja yale majina.

Kilichonirekebisha ni kumsoma Ghazali, yule mwanachuoni mkubwa wa Baghdad aliyefariki 1111. Wengi tunamjua kama mtu aliyewapinga wanafalsafa, lakini anaeleza mwenyewe kwamba kabla ya kuwapinga alisoma vitabu vyao peke yake bila mwalimu kwa muda usiofika miaka 2, tena kwa kuibia nafasi huku anafundisha wanafunzi 300, halafu akakaa karibu mwaka mzima anayarudia kichwani. Ndipo akaandika. Mi nlikuwa na wiki moja! Na tena shaka aliijua, kuna kipindi cha kama miezi 2 hakuamini hata macho yake, anasema ukiitazama nyota unaiona ndogo kama sarafu ya dinari na hesabu zinakuonyesha ni kubwa kuliko dunia, sasa jicho likikudanganya hivyo utajuaje akili nayo haikudanganyi. Alipotoka humo hakusema ni hoja iliyomtoa, alisema ni nuru Mungu aliyomtia kifuani. Kwahiyo wewe unayesoma hii ukiwa hosteli na imani yako inatikisika, usikimbilie kuitupa na usikimbilie kufunga kitabu, kaa nayo, swali kama hilo haliishi ndani ya semista moja.

Afu soma na wa kwetu jamani. Mi nlichelewa sana kumfikia John Mbiti, Mkenya, kasisi wa Anglikana, aliyeandika mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Waafrika, na humo katumia maneno yetu ya Kiswahili kabisa, Sasa na Zamani. Anasema aliyekufa bado yupo kwenye Sasa muda wote ambao kuna mtu hai aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina, na akifa wa mwisho aliyemjua ndipo marehemu naye anaingia Zamani. Nliposoma pale nikaweka simu chini. Bibi kumbe alikuwa anafanya kazi ile ile jikoni, kwa majina, na mi nlimkatiza.

Ila na Mbiti usimmeze mzima. Aliangalia nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu akasema Mwafrika wa jadi wakati ujao wake ni mfupi sana, hauzidi kama miaka 2 hivi. Hapo mi nakataa, kwasababu bibi kapanda minazi minne nyuma ya nyumba, ya kienyeji, ile inayokaa miaka 6 na zaidi ndio izae, na anajua kabisa madafu yake hatayanywa yeye. Nikaandika hivyo kwenye daftari. Ndivyo ninavyosoma sa hivi, ukurasa wa kushoto anachosema mwandishi kwa maneno yangu, wa kulia nani ninayemjua anaishi kinyume chake au sawa na yeye, na huyo mtu namfuata namuuliza kabla sijambishia.

Bibi nilimwomba radhi nikiwa nimekaa chini, akasema yameisha. Siku nyingine tukiwa tunamenya ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, nikamuuliza yale majina, akanitajia 14, akafika kwa mama wa bibi yake akanyamaza, akasema huyo sikumkuta, jina niliambiwa nikalisahau. Nimeacha mstari wazi kwenye daftari. Kuna mzee wa ukoo wetu kule kijiji cha Msimbati anaweza kuwa analijua, mwezi ujao chuo kikifunga naenda kumuuliza.