Kwa nini asidi na besi za bafa hazimalizani?

Mdogo wangu, umeuliza: ikiwa bafa (mchanganyiko unaozuia pH, yaani kipimo cha uasidi, isibadilike sana ukitiwa asidi au besi kidogo) ina asidi na besi kwenye chupa moja, mbona hazizimani nguvu zikabaki chumvi na maji? Swali zuri, nami liliwahi kunitesa.

Jibu liko kwenye undugu wa hizo mbili. Asidi asetiki ikiipa ioni ya asetati (ndiyo besi yake) protoni yake, yaani H⁺, yenyewe inageuka asetati na ile asetati inageuka asidi. Zimebadilishana viti tu, idadi ni ileile. Asidi hidrokloriki na hidroksidi ya sodiamu kwa moli sawa ndizo zinazomalizana kweli, na hapo hupati bafa.

Sasa chukua lita 1 yenye moli 0.10 ya asidi asetiki na moli 0.10 ya asetati ya sodiamu. pH yake ni kama 4.76. Tia moli 0.01 ya asidi hidrokloriki. Usikimbilie kikokotoo (wengi hukosea hapa), anza na mmenyuko: asetati inaimeza asidi kali na kubaki 0.09, asidi asetiki inapanda hadi 0.11. Kisha tumia fomula ya bafa, pH = pKa + log(asetati/asidi), ambapo pKa (kipimo cha nguvu ya asidi) ya asidi asetiki ni 4.76: 4.76 + log(0.09/0.11) = 4.67. Kiasi hichohicho kwenye lita 1 ya maji matupu kingeshusha pH kutoka 7 hadi 2!

Ila bafa si bahari. Asetati ikiisha, kinga nayo imeisha.

Na kama huna asetati ya sodiamu, chukua asidi asetiki utie hidroksidi ya sodiamu nusu ya moli zake. Utapata bafa ya aina ileile.