Diski mpya, faili zimegoma: maswali ya wasomaji

Swali: Nimesakinisha Windows upya kwenye diski mpya ya SSD, na ile ya zamani nimeiacha ndani ya kompyuta kama D. Jina la akaunti ni lilelile, nywila ileile, lakini nikifungua folda ya Picha naambiwa sina ruhusa. Inakuwaje, na faili ni zangu?

Jibu: Windows haikujui kwa jina. Akaunti inapoundwa hupewa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye ruhusa za faili. Ulivyosakinisha upya ukapewa namba nyingine. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Security: ukikuta msururu wa tarakimu mahali pa jina, huyo ni wewe wa zamani.

Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator" (si PowerShell, maana %USERNAME% haielewi), uandike moja baada ya nyingine:

`takeown /f "D:\Picha" /r /d y`
`icacls "D:\Picha" /grant "%USERNAME%:(OI)(CI)F"`
`icacls "D:\Picha\*" /reset /t /c`

Ya kwanza inakufanya mmiliki. Umiliki peke yake haufungui kila faili. Unakupa haki ya kugawa ruhusa. Ya pili ndiyo inayokupa ruhusa kamili kwenye folda ya juu, na OI na CI zinafanya irithiwe na faili na folda za ndani. Ya tatu inafagia ruhusa zilizoachwa na akaunti ya zamani na kuvirudisha vyote vya ndani kwenye urithi huo. Ile nyota usiisahau: bila nyota, folda ya juu nayo inapoteza ruhusa uliyoipa sekunde chache zilizopita, na unaanza upya.

Kama uliombwa nywila ya msimamizi mwingine, %USERNAME% itakuwa jina lake. Andika la kwako mwenyewe. Vilevile takeown itamfanya msimamizi huyo mmiliki. Hilo la pili halina madhara, mradi ruhusa ni zako.

Amri hizi zisiguse C nzima. Faili za mfumo zina mmiliki wake, TrustedInstaller, na ukimnyang'anya, masasisho huanza kukwama.

Jambo moja haliponi kwa njia hii: faili zenye alama ya kufuli kwenye ikoni. Hizo zimesimbwa (zimefungwa kwa msimbo wa siri), na ufunguo wake umo kwenye akaunti ya zamani. Ukiwa mmiliki mara mia bado hazisomeki. Ikiwa Windows ya zamani bado inawaka, ingia humo uziondolee usimbaji kwanza. Kabla ya hapo usiifute diski hiyo.

Swali: Natumia Linux. Nilihamisha folda yangu ya nyumbani kwa `sudo cp -r`, sasa programu hazihifadhi kitu. Rafiki ananishauri `chmod -R 777`. Nifuate?

Jibu: Hapana. Tatizo lako ni mmiliki: `cp -r` ikiendeshwa kwa sudo, nakala zote zinakuwa za root, msimamizi mkuu wa Linux. Andika `ls -ln` utazame safu ya tatu. 0 ni root. Namba yako utaipata kwa `id -u`, na mara nyingi mtumiaji wa kwanza ni 1000. Basi:

`sudo chown -R 1000:1000 /home/jinalako`

Hiyo 777 inamfungulia kila mtu mlango, tena inaharibu kingine: ssh, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, hukataa ufunguo wa siri unaosomwa na wengine. Ufunguo huo unataka ruhusa 600, na folda ya .ssh 700, yaani za mmiliki peke yake.

Siku nyingine nakili kwa `sudo rsync -aAX /chanzo/ /mahali/`. Inabeba mmiliki, ruhusa na tarehe.

Swali: Kwenye diski ya nje yenye mfumo wa faili wa exFAT, chmod haibadilishi chochote. Imeharibika?

Jibu: Nzima kabisa. exFAT haina mahali pa kuandika mmiliki wala ruhusa za Linux; hupangwa wakati wa kuipachika diski (mount), kwa mfano `-o uid=1000,gid=1000`.