Umenyimwa nyumba Marekani kwa sababu ya asili yako au watoto wako? Namna ya kupeleka malalamiko

Asubuhi kwenye simu nyumba ipo. Mchana ukifika na lafudhi yako na watoto wako, imeshachukuliwa. Siku mbili baadaye tangazo bado liko mtandaoni. Familia nyingi za Wakongo na Warundi hapa Marekani huyajua haya, na nyingi hunyamaza kwa kudhani hakuna pa kulalamika.

Papo. Sheria ya Makazi ya Haki ya mwaka 1968 inakataza kumbagua mpangaji au mnunuzi kwa rangi, taifa la asili au dini, na tangu 1974 kwa jinsia pia. Ulemavu na kuwa na watoto walio chini ya miaka 18 viliongezwa mwaka 1988, na mjamzito naye analindwa. Malalamiko hupelekwa HUD, yaani Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, kwa simu 1-800-669-9777, kwenye tovuti yao, au kwa barua. Hulipi chochote na huhitaji wakili.

Una mwaka mmoja tangu tukio la mwisho. Kufungua kesi mahakamani ni miaka miwili. Lakini usikae ukiuhesabu huo mwaka: matangazo hufutwa, meneja huhama, mashahidi husahau. Siku hiyohiyo piga picha tangazo pamoja na tarehe yake, tunza meseji zote, risiti ya ada ya maombi na jina la uliyeongea naye.

Maelezo ndiyo yanayoangusha wengi. Mtu anaandika “mwenye nyumba ni mbaguzi” na kuishia hapo. Mchunguzi hana pa kushika. Andika hivi: “Tarehe 4 Machi meneja aliniambia kwa simu kwamba nyumba ya vyumba viwili ipo. Tarehe 5 nilipofika na mke wangu, meneja akaniuliza tunatoka nchi gani, kisha akasema imechukuliwa. Tarehe 7 tangazo lilikuwa bado lipo.” Kama unajua mwingine aliyepewa nyumba hiyo akiwa na kipato kama chako, mtaje. Kulinganisha ndiko kunakobeba kesi, kwa sababu mwenye nyumba atajitetea kwamba alama zako za mikopo ni ndogo au kipato hakitoshi, na hizo ni sababu halali iwapo anawapima wote kwa kipimo kilekile. Na tafadhali, usimfanye mtoto mkalimani wa jambo hili. Tafuta mtu mzima anayekijua Kiingereza, akusomee ulichosema kabla ya kutuma.

Suala la watoto wengi linachanganya watu. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuweka kikomo cha idadi ya watu. Watu wawili kwa kila chumba cha kulala kwa kawaida huonekana ni sawa, ingawa ukubwa wa vyumba na umri wa watoto huangaliwa pia. Asichoruhusiwa ni kusema “watoto wasizidi wawili”, au kuwarundika wenye watoto wote jengo la nyuma. Nyumba zilizotengwa kisheria kwa wazee zina ruhusa ya kukataa watoto. Mwenye nyumba anayeishi mwenyewe kwenye jengo lisilozidi nyumba nne naye anaweza kuwa nje ya sheria ya 1968, lakini tangazo la kibaguzi haruhusiwi kutoa, na kwa ubaguzi wa rangi sheria ya haki za raia ya mwaka 1866 bado inamfikia.

Ukipokea barua kutoka ofisi ya jimbo lako badala ya HUD, usidhani umekataliwa. Majimbo mengi yana ofisi zinazopokea kesi hizi kutoka HUD. Anayelalamikiwa hujulishwa, na uchunguzi unatakiwa uishe ndani ya siku 100, ingawa mara nyingi huvuka hapo. Katikati mtaulizwa kama mnataka kupatana. Mapatano yanaweza kukupa nyumba au fidia, ila usitie saini karatasi usiyoielewa. Ukihama au ukibadili namba ya simu, wajulishe mara moja: kesi nyingine hufungwa kwa sababu tu mlalamikaji hapatikani.

Kukutisha au kukuongezea kodi kwa sababu umelalamika ni kosa jingine, nalo liripoti. Wewe endelea kulipa kodi kwa wakati. Na ikija karatasi ya mahakama ya kukufukuza, nenda siku iliyoandikwa, maana malalamiko yako HUD peke yake hayasimamishi kesi hiyo.