Kabla ya Kukimbilia Deni, Tengeni Kodi ya Nyumba

Dada mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, ametuandikia kwamba yeye na mumewe humaliza madeni kila Novemba, na ikifika Februari wamerudi palepale. Anauliza kama kuna mkosi. Hakuna mkosi, dada. Kuna kodi ya miezi sita na ada ya Januari, na vyote viwili havimo kwenye bajeti yenu.

Nyumba nyingi za mjini hupanga matumizi ya mwezi, lakini mambo mazito hayafuati mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Shule inafungua, kunatakiwa ada, sare na madaftari wiki hiyohiyo. Hakuna mshahara wa kawaida unaotoa 900,000 kwa siku moja, na hapo ndipo watu huishia kwa kausha damu, ile mikopo ya riba kali inayorejeshwa kila siku. Ukilipa deni lote leo bila kuziba tundu hili, utakopa tena tarehe ileile mwakani.

Anzeni na karatasi mbili, kila mmoja na yake, jioni moja. Andika nani anadai, kiasi kilichobaki, rejesho ni shilingi ngapi na kwa siku zipi, na kinachotokea ukichelewa. Weka mkopo wa simu, daftari la dukani, mkopo wa kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa), kitenge ulichochukua kwa mali kauli, yaani kulipa baadaye, na pia dhamana uliyomwekea mwenzako. Dhamana husahaulika sana: kwenye mikopo ya vikundi, mwenzako akikimbia, rejesho lake linagawanywa kwenu. Jioni hiyo ni ya kuandika tu. Mkianza kulaumiana kabla karatasi hazijajaa, deni kubwa kuliko yote litabaki mfukoni mwa aliyeogopa kulitaja, na hesabu nzima itakuwa ya uongo.

Upande wa mapato, mwenye mshahara aandike kinachoingia benki baada ya makato yote. Mwenye biashara asiandike mauzo, aandike faida. Achukue miezi sita iliyopita, achague ule mwezi mbaya kuliko yote, na bajeti isimame juu ya huo. Mtaji usiguswe kabisa. Genge, yaani kibanda cha kuuza vyakula, likishaliwa mtaji, nyumba imepoteza mshahara wa pili.

Tuchukue mfano: baba analeta 620,000, mama ana genge, na mwezi wake mbaya una faida ya 300,000. Jumla 920,000. Kodi ni 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo 150,000 inatengwa kila mwezi hata kama mwenye nyumba atakuja Julai. Ada na vifaa vya shule ni 600,000 kwa mwaka, ikigawanywa kwa 12 ni 50,000. Chakula 275,000, nauli 90,000, umeme na maji 40,000, gesi 25,000, vocha 15,000, tiba 20,000, wazazi 40,000. Michango ya harusi na misiba 30,000, maana msiba hausubiri bajeti, na anayejifanya hatachanga huishia kukopa ili achange. Halafu kila mmoja apate 15,000 yake isiyoulizwa. Msiifute hii 30,000 kwa tamaa ya kulipa haraka. Mtu asiye na hata elfu mbili ya kwake ataanza kuchomoa kwenye hela ya chakula, na uaminifu utaondoka na hizo elfu mbili. Jumla ya matumizi ni 765,000. Za deni ni 155,000.

Tuseme wanadaiwa kausha damu 120,000 kwa rejesho la 6,000 kila siku, simu 35,000, dukani 85,000, na kikoba 330,000 kinachotakiwa kabla kikundi hakijavunja mzunguko, yaani kugawana akiba, baada ya miezi minne. Mwezi wa kwanza, 120,000 zinakwenda kausha damu kwa siku 20, na 35,000 zinafuta deni la simu. Mwezi wa pili, 85,000 dukani na 70,000 kikoba. Mwezi wa tatu, 155,000 zote kikoba. Mwezi wa nne, 105,000 za mwisho, na 50,000 zinabaki.

Mpangilio huo una sababu zake. Kausha damu riba yake imeshapangwa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kumaliza mapema hakukuokoi kitu, isipokuwa mkopeshaji akubali kupunguza, muulizeni. Kinachoumiza ni faini ya siku uliyokosa, na kishawishi cha kuongezewa mkopo kabla wa kwanza haujaisha. Usiongezewe. Angalia ukali wake: ukichukua 100,000 na kurejesha 4,000 kila siku kwa siku 30, utalipa 120,000. Wao watakuambia riba ni asilimia 20. Lakini kwa kuwa unarejesha kila siku, kwa wastani ulikaa na nusu tu ya hela hiyo, na riba halisi inakaribia asilimia 40 kwa mwezi mmoja. Deni la simu liishe mapema kwa sababu ada yake hukua kadiri siku zinavyopita, na hela ya mteja wa mama ikiingia kwenye laini hiyo inakatwa kabla hajaiona. Dukani hawatozi riba, ila daftari likiwa wazi, hela ya chakula ya mwezi huu inalipa unga wa mwezi uliopita, na mwezi huu mnakopa tena.

Kama mnafikiria mkopo mmoja mkubwa wa kufuta midogo, ulizeni jambo moja kwanza: riba inapigwa kwenye mkopo wote au kwenye salio linalopungua? Mkopo wa 1,200,000 kwa asilimia 3 kwa mwezi, miezi 12, riba ikipigwa kwenye mkopo wote, rejesho ni 136,000 na riba yote ni 432,000. Kwa salio linalopungua, rejesho ni kama 120,600 na riba ni karibu 247,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni takriban 185,000, zaidi ya kodi ya mwezi mmoja. Ombeni jedwali la marejesho lililochapishwa, mlisome nyumbani. Pia muulizeni mkopeshaji leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo. Na ikiwa wanataka nyumba iwe dhamana, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo isitolewe mezani kwa afisa mikopo, mume amesimama pembeni anaangalia saa.

Hela ya kodi na ada isikae kwenye laini yenye mkopo wa simu. Fungueni akaunti ya pamoja ya sahihi mbili, msichukue kadi, na uhamisho ufanyike siku ileile mshahara unapoingia, kabla ya sokoni. Mama ahamishe sehemu yake kila wiki, kwa sababu faida ya genge haingoji mwisho wa mwezi ndipo iliwe. Ile 50,000 ya mwezi wa nne ianzie humo, na mwezi wa tano 155,000 ziifuate hadi kodi ya miezi sita ijayo iwe imekaa tayari.