Jibu: Simu chini ya mto na hofu ya saratani
Dada, umeuliza kama kulala na simu chini ya mto kunaweza kukuletea saratani ya ubongo. Nakuelewa, hofu hiyo wengi tunayo.

Mawimbi ya redio ya simu si kama mionzi ya eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi. Athari yake inayojulikana wazi ni kupasha mwili joto, tena kidogo sana. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyaweka kundi 2B, yaani "huenda" yakasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi ulikuwa finyu. Watu wanaisoma kama hukumu, na sivyo.

Lakini jambo hili wengi hawalijui: mtandao ukiwa hafifu, simu huongeza nguvu ili ifike kwenye mnara. Kwa hiyo simu ya kijijini yenye mtandao wa kusuasua inakurushia mawimbi mengi sikioni kuliko ya mtu aliye karibu na mnara. Ukitaka kupunguza, weka spika, andika ujumbe, au subiri mtandao ukae sawa. Hata sentimita chache kutoka kichwani zinasaidia sana.

Hapo chini ya mto mimi naogopa chaji zaidi. Betri iliyofunikwa haina pa kutolea joto, inaweza kuvimba au kuwaka. Tafadhali dada, hasa kama unalala na mtoto, iache mezani usiku.