Kilo 6 zimetoka na gauni halijalegea: jibu la fundi wa Langoni

Waalaikumu salamu dadangu. Umesema umepunguza kilo 6 tangu mwezi wa Maulidi, madera yako yako vilevile, lile gauni la mtumba la saizi 14 bado halijalegea, na sasa umekata tamaa unataka kuacha. Nakuomba usiache. Nakujibu kama fundi wa cherehani hapa Amu, mji wa Lamu, mtaa wa Langoni, na kama mwanamke aliyeshuka kutoka kilo 86 hadi 71 kwa miezi 14, nikijipima kwa futikamba na kuandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja.

Madera tuyaweke kando. Dera hushonwa limwenee mwenye kilo 55 na mwenye kilo 95, basi litakwambia nini? Buibui nalo ni hivyo hivyo. Sisi wa huku twaweza kuongeza saizi mbili na nguo zisiseme neno. Mimi ndivyo nilivyofika 86.

Gauni ndilo lenye habari. Siku uliyolinunua, zipu ilipanda kwa raha au ulivuta tumbo ndani? Kati ya saizi na saizi mara nyingi kuna inchi 1 na nusu hadi 2 za mzunguko. Aliyejaa mpaka karibu na 16 na aliyeponea chupuchupu kuingia 12 wote wanaitwa 14. Kama lilikuwa likikubana, kilo zako 6 zimetumika kulifanya likukae sawasawa, na kulegea ndiyo hatua inayofuata. Tazama mshono wa pembeni, chini ya kwapa. Nguo inayobana, kitambaa huvutwa hadi vitundu vya sindano vikaonekana na uzi ukakaa wazi kama meno. Mimi nguo ya mteja huisoma hapo kabla sijagusa futikamba.

Sasa kilo zenyewe. Shika dumu la mafuta ya kupikia la lita 5. Ni kilo 4 na nusu hivi, na mafuta ya mwilini uzito wake unakaribiana na huo. Wewe umetoa zaidi ya dumu hilo, na mafuta yako hayakutoka kiunoni peke yake. Yametoka mashavuni, shingoni, mgongoni, mikononi, mapajani, na mengine ndani kabisa, yaliyozunguka matumbo. Ndiyo maana pete yangu ilianza kuzunguka kidoleni kabla sketi haijalegea. Kwangu mimi kilo 6 za mwanzo zilinitoa saizi 20 hadi 18, kilo 5 zikanipeleka 16, na kilo 4 tu zikanifikisha 14. Mwili ukiwa mkubwa, kilo zinagawanywa kwingi, na saizi moja inakula kilo zaidi. Jumla kiuno kilipungua inchi 6, karibu sentimita 1 kwa kila kilo, ingawa hazikushuka pamoja kila wiki. Kulikuwa na wiki 3 mizani ilikwama kwenye 75 na kiuno kikaendelea kupungua sentimita 2. Ni wakati nilipoanza kutembea ufuoni hadi Shela na kurudi kila alfajiri, miguu ikakaza. Kilo ya nyama ya misuli inachukua nafasi ndogo kuliko kilo ya mafuta.

Tena mwili haupungui pale utakapo wewe. Bibi harusi mmoja aliniletea satini miezi 3 kabla ya siku yake, akaniomba nimkatie kwa kipimo cha kilo 10 pungufu. Nikakubali. Maskini alijitahidi, akapunguza 8, uso ukachongoka na kifua kikashuka. Kuja kujaribu gauni, kifuani linapwaya na nyonga hazipiti. Alilia mbele ya kioo, akasema amejinyima bure. Hakujinyima bure hata kidogo, kosa lilikuwa la mkasi wangu. Wanawake wengi ambao bado wanapata hedhi huweka mafuta nyongani na mapajani, na huko ndiko huchelewa kutoka. Usiku ule nilifumua pande zote mbili nikatia vipande vya lesi, na tangu hapo sikati nguo kwa ahadi. Nakata kwa mwili uliosimama mbele yangu.

Na hiyo 14 yako ni ya nchi gani? Kwenye mtumba kila nchi na hesabu yake. 14 ya Uingereza ni 10 ya Marekani, 40 ya Ujerumani, 42 ya Ufaransa na 46 ya Italia. 14 ya Marekani ni 18 ya Uingereza! Kisha Marekani walikuwa na kipimo cha serikali tangu 1958, kikafutwa 1983, na kila kampuni ikakata itakavyo. Usijihukumu kwa kilebo.

Jipime hivi: asubuhi kabla ya chai, bila dera, umeshatoa pumzi. Kiuno ni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Nyonga ni pale palipojaa zaidi. Andika kila baada ya wiki 2, na usipime siku za kukaribia hedhi wala kesho yake baada ya pilau ya harusi, maji yatakudanganya. Zaidi ya saizi, tazama sentimita 80 za kiuno. Shirika la Afya Duniani linasema kupita hapo hatari ya maradhi kwa mwanamke inaongezeka, na kupita 88 inaongezeka sana. Na yeyote anayekonda bila kukusudia asifurahi, aende hospitali apimwe sukari, thairoidi (tezi ya shingoni) na kifua kikuu.

Gauni ukiona limeanza kupwaya, mwambie fundi alibane mishono ya pembeni kwa mishono mirefu iliyo rahisi kufumua, asikate kitambaa kinachobaki ndani. Kilo zako bado zinashuka, na baada ya miezi 2 atalazimika kulifumua alibane tena.